Barua kwa mwanangu: Miji sita

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila baba yako na mgongo wake. Tangu upate hiyo kazi ya kutengeneza gemu, majirani wamekoma na mimi, kila anayepita lazima asikie. Lakini juzi uliposema, tena kwa kucheka, kwamba wenzako wa huko hulala chini ya meza gemu ikikaribia kutoka, mimi sikucheka. Wewe unalala saa ngapi? Usinijibu "nalala".

Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kompyuta yako ya zamani, nikaiwasha nione kama inamfaa mdogo wako. Nikaikuta ile gemu ya makombora, Missile Command. Miaka yote ile niliiona kupitia mgongoni kwako, mistari tu na kelele. Safari hii kiti nilikikalia mimi.

Kumbe ni fupi hivyo! Mara ya kwanza sikufikisha hata dakika tatu. Miji sita chini, vituo vitatu vya kurushia, kila kimoja na makombora kumi, halafu mistari inaanza kushuka taratibu kwenye giza, kama mtu anakwaruza masizi kwa sindano. Muziki hakuna. King'ora kinalia, kisha unabaki na milipuko. Nilichelewa kuelewa kwamba kombora lenyewe hulilengi. Unalenga mbele yake, lije liingie kwenye mlipuko wako. Na makombora ya kituo cha katikati ndiyo yenye mbio, nami nilikuwa nimeyamaliza yote kuokoa kimji kimoja cha pembeni. Kwenye mashine zake za awali watu walizungusha mpira kwa kiganja, mimi nahangaika na kipanya chako kinachokwama.

Mji wa mwisho ulipoteketea, skrini ikaandika THE END. Nikadhani nimecheza vibaya. Mdogo wako akasema, "Mama, hiyo haina kushinda, inazidi tu kasi." Sasa wewe uliyekuwa ukiniambia kila usiku, "Bado kidogo, nimalize," ulikuwa unamaliza nini?

Akanitafutia na habari zake. Ilitolewa na Atari, huko Marekani, mwaka 1980, enzi za hofu ya vita vya nyuklia. Aliyeiunda, Dave Theurer, amesimulia kwamba kazi ile ilimtia majinamizi: anaota makombora yanaangukia mji, anashtuka usingizini. Umeona? Mtu wa kazi kama yako, na kazi ikamfuata kitandani. Ndiyo maana nauliza tena, na nitauliza ukifika: unalala saa ngapi?

Sisemi kazi ni mbaya. Gemu ya zamani hivyo, imenikalisha kwenye kiti mpaka chai ikapoa, huo si ufundi mdogo. Nikikaa pale naona kwa nini ulikuwa huitiki ukiitwa. Ingawa kuitika ungeweza.

Ule usiku niliochomoa waya ukiwa katikati ya gemu unaujua, siurudii. Nilikuwa nimetoka kazini na hasira za watu wengine, na pointi zako sikuziangalia hata zilikuwa ngapi. Juzi nimefika 8,000, mdogo wako akanigonga kiwiko, nikapoteza mji. Nilimfokea mtoto wa watu mpaka akatoka chumbani.

Kompyuta sitampa kwanza. Atasubiri.

Mlango wa kabati lako umeng'oka bawaba tena, baba yako anasema ataushughulikia mgongo ukipoa, maana yake niushughulikie mimi. Vitabu vyako nimevitia kwenye boksi, vile vilivyoliwa na panya nimetupa, usivitafute. Ufunguo wa mlango wa nyuma unao wewe. Uuache mezani kabla hujaondoka, mara ya mwisho tuliruka dirisha.

Mto wako nimeufua, uko kambani unakauka. Utaubeba. Begi likijaa, toa viatu.

Mama yako