Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Mikataba na Mafaili

Ndugu wanachama, habari zenu. Naanza na mikataba maana mwaka huu ndo imetukalisha vikao vingi kuliko kitu kingine chochote. Kuna mwenzetu wa fiziotherapia alikuja na karatasi mbili kazikunja mfukoni, zinasema yeye ni mkandarasi huru, hana likizo wala malipo akiumwa, halafu akatufungulia simu tukaona ratiba ya zamu anayotumiwa na meneja kila Ijumaa, sare anapewa, vifaa ni vya kwao, na akitaka kupumzika siku moja lazima aombe ruhusa. Sasa huyo kajiajiri wapi jamani? Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema ajira inatambuliwa kwa jinsi kazi inavyofanyika na mtu anavyolipwa, sio kwa jina lililoandikwa kwenye mkataba. Pendekezo halina nguvu ya sheria, ila mahakama nyingi zinaangalia hivyo hivyo, kwa hiyo tunzeni ratiba, meseji na risiti za malipo. Mwenzetu bado tunamsindikiza, kesi haijaisha.

Kwenye malalamiko ya wagonjwa mambo yanageuka, huko karatasi ndo inakubeba. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa kujieleza, mgonjwa wa goti alidai nilimkunja kwa nguvu bila kumuuliza. Nilimuuliza, nakumbuka hadi alivyoshika ukingo wa kitanda akasema endelea, lakini kwenye faili niliandika maneno matatu tu, "mazoezi ya goti", nikakaa mbele ya jopo sina cha kuonyesha. Iliniuma sana. Andikeni saa, maumivu kwa namba 0 hadi 10 kabla na baada, hatari gani ulimweleza na alijibu nini. Ukisahau kitu ongeza maelezo kwa tarehe ya siku unayoandika, usifute wala usirudishe tarehe nyuma, hiyo inakumaliza hata kama ulimtibu vizuri. Na sahihi ya mgonjwa kwenye fomu ya kukubali tiba pekee haitoshi: Mahakama ya Juu ya Uingereza, kesi ya Montgomery ya 2015, ilisema mgonjwa aambiwe hatari ambazo mtu wa hali yake angezipa uzito.

Kuhusu kupigwa na kutukanwa kazini, Mkataba namba 190 wa 2019, wa Shirika la Kazi Duniani, unahesabu hata vurugu zinazotoka kwa watu wa nje, yaani wagonjwa na ndugu zao wamo. Kwa hiyo ripotini, msiseme ndo kazi ilivyo.

Hesabu atazisoma mhazini.

Limebaki suala la bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ile inayokulinda mgonjwa akikudai kwa tiba uliyompa. Bima nyingi za hivi zinalipa madai yanayofika wakati bima bado iko hai, ukiacha kulipia leo halafu mwakani mgonjwa akakushtaki kwa tiba ya mwaka huu, uko peke yako, na wanaostaafu ndo wanaumia zaidi. Kamati inaomba tununue kwa pamoja, na nyongeza ya kuwalinda wastaafu. Kura ni kwenye mkutano mkuu, kila mtu aje na hati yake ya bima, tutazisoma kifungu kwa kifungu kabla ya kupiga.