Mheshimiwa Waziri wa Afya, muulizeni na yule mtoto aliyemleta mgonjwa

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nilianza kumuuguza mama nikiwa na miaka 14, kiharusi kilimlaza upande mmoja, baba kazi yake mbali, wadogo zangu bado wadogo, basi ikawa mimi. Usiku naweka alamu saa sita, saa nane, saa kumi, naamka namgeuza asipate vidonda vya mgongo, namsafisha, nabadilisha shuka, asubuhi darasani nasinzia naitwa mvivu.

Uchovu wa mwili niliuzoea, kichwa ndo kilinishinda. Yaani hata mama akilala vizuri mimi silali, nasikilizia anavyopumua. Nikicheka na wenzangu najiona mkosaji. Kuna usiku nilitamani yote yaishe, halafu nikaelewa hayo "yaishe" maana yake nini, nililia mpaka kukakucha. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani wakati kila mgeni anasema huyu mtoto ana moyo, atapata radhi? Sifa zile zinaziba mdomo, manake ukishasifiwa hivyo huwezi tena kusema nimechoka.

Kliniki tulienda kila mwezi kwa miaka minne. Daktari anauliza presha, dawa, choo, anaandika, mimi nimesimama pembeni na faili na mfuko wa nepi. Hata siku moja hakuna aliyegeuka akaniuliza, na wewe je, unalala?

Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 18, ndo umri huo huo tunaoutumia kuuguza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. England tangu sheria ya 2014 halmashauri inatakiwa imtathmini mtoto anayeuguza, nayeye anahitaji nini. Kwa hiyo inawezekana.

Ila tafadhali, akisema ukweli asinyang'anywe mzazi wake. Hiyo hofu ndo iliyoninyamazisha kuliko aibu. Mleteeni mtu wa kumpokea hata usiku mbili kwa wiki alale, na mshauri wa kuongea naye shuleni bila kutangazwa.

Fomu ya mgonjwa ina mstari wa jina la anayemuuguza na namba ya simu. Hapo chini yake ongezeni mitatu: ana miaka mingapi, analala saa ngapi, nani anampokea.