Maji ya rangi ya chungwa yasimwagwe karoni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie chumvi ambayo nimeishika kwa miaka mingi nikiwa fundi wa maabara za shule hapa Lamu, nayo ni potasiamu daikromati, yenye chembe za rangi ya chungwa iliyokoza ambazo asiyezijua angedhani ni sukari iliyotiwa rangi.

Watahiniwa wa kidato cha nne huijua kwa matone: mawili matatu, yakiwa na asidi, hutiwa katika neli ya majaribio, na chungwa likigeuka kijani wanaandika jibu. Hofu yangu haiko kwenye matone hayo, iko kwenye chupa inayosalia mtihani ukiisha. Katika shule moja nilishuhudia karibu lita nzima ikimiminwa karoni na bomba kufunguliwa juu yake, eti maji yataipunguza makali, ilhali karo lile lilikuwa likiishia katika shimo lililochimbwa mchangani nyuma ya darasa, hatua chache kutoka kisimani.

Kromiamu, metali iliyomo ndani ya chumvi hii, imo katika umbo linalosababisha saratani, hasa vumbi lake likivutwa, na huyeyuka majini upesi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.05 za kromiamu kwa lita ya maji ya kunywa. Gramu 3 tu za daikromati, zisizojaza kijiko cha chai, zina takriban gramu 1 ya kromiamu, nayo yatosha kufikisha lita 20,000 kwenye kikomo hicho. Sisi tunaokunywa maji yaliyohifadhiwa na vilima vya mchanga vya Shela hatuna ardhi ya kufanyia mchezo huo.

Dawa yake si ghali. Fundi aliyevaa glavu na miwani huongeza salfeti ya chuma katika mabaki yenye asidi hadi rangi ya chungwa ipotee kabisa, kisha hutia chokaa (ambayo Lamu hatujawahi kuikosa) kidogo kidogo mpaka kromiamu itue chini kama tope. Tope hilo lisitupwe jaani. Likaushwe, lifungwe kwenye chombo chenye lebo, lisubiri msafirishaji wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira. Kwa kuwa hakuna shule ya kisiwani itakayoweza kumlipa peke yake kwa kopo moja, naiomba idara ya elimu ikusanye makopo ya shule zote na kuyasafirisha kwa pamoja, mara moja kila mwaka, mitihani ya vitendo ikishamalizika.

Fundi mstaafu wa maabara,
Lamu