Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Maembe Yetu Mwaka Huu

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atawasomea mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie maembe, kwa sababu kuanzia Goba hadi Chanika mmenipigia simu na kilio kimoja: embe linachumwa zuri, linakaa ndani siku nne, kisha madoa meusi na kuoza.

Hiyo ni chule, ugonjwa wa ukungu. Tumeilaumu stoo bure. Vimelea vyake huingia tunda likiwa changa, mvua za vuli zikivisaidia, vikatulia kimya kwenye ganda hadi embe lianze kuiva. Kwa hiyo kazi ni ya mtini: kupunguza matawi yanayobanana ili hewa ipite, kuondoa vijiti vilivyokauka na kuvichoma.

Desemba nilikuwa Kigamboni kwa mama mmoja mwanachama mwenye miembe dodo miwili ya urithi. Alichuma matenga mawili, mti mmoja, siku moja. Tenga la kwanza tuliliacha lilivyo. Maembe ya la pili tuliyatumbukiza kwenye maji ya nyuzi joto 52 kwa dakika tano, yeye akichochea kuni, mimi macho kwenye kipimajoto, maana maji yakizidi moto ganda hubabuka. Tukayaanika kivulini. Wiki ilipoisha, tenga la kwanza lilikuwa likichuruzika maji. La pili tulimenya na wajukuu zake.

Tafadhali msiweke embe bichi kwenye friji. Chini ya nyuzi 12 hivi ganda hugeuka kijivu na tunda haliivi sawasawa. Na mnapochuma, acheni kikonyo kirefu kidogo, utomvu usilichome ganda.

Kuhusu mbegu: Tommy Atkins, yenye asili ya Florida, Marekani, huvumilia chule kuliko nyingi, ingawa nayo huugua. Kwa utamu mimi bado niko na dodo. Pandeni zote mbili.

Limeniuma suala la miche. Ile tuliyouziwa kwa jina la Tommy imezaa mwaka huu, na Tommy siyo. Wenzetu wamemwagilia miaka mitatu kitu wasichokitaka. Kuanzia sasa vikonyo vya kubebeshea, yaani vijiti vya kuunganisha kwenye miche, tutavikata kwenye miti ya wanachama tu, ambayo matunda yake tumeyaona na kuyala.

Kubebesha tunaanza Jumamosi ya kwanza ya Machi, kwa yule mama wa Kigamboni. Kila mmoja aje na kisu kikali na nailoni ya kufungia.

Mwenyekiti