Mzuka na uzushi katika ziara za usiku

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii akilalamikia vifaa vya kuwaka taa vinavyotumiwa katika ziara za mizimu za miji midogo, yaani matembezi ya usiku ya kulipia ya kusimuliwa visa vya kutisha, na kutaka ziara hizo zihesabiwe kuwa utapeli, na wanaoziendesha wanyimwe vibali, amenigusa, kwa sababu nusu ya malalamiko yake ni ya haki, na nusu ya pili inanionyesha kuwa hajawahi kutembea usiku nyuma ya mtu anayeujua mji wake. Mimi nimetembea. Nilikuwa mpita njia katika mji wenye barabara kuu moja, nikaona tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa maktaba, na saa mbili usiku nikajikuta miongoni mwa watu kumi na wawili tuliosimama mbele ya gereza kuukuu, tukimsubiri mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa hapo, ambaye alikuja na taa ya chemli mkono mmoja na faili la makaratasi mkono wa pili. Faili hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Mwanzo wa ziara ulikuwa kama mtu anavyoutarajia: nyayo zinazosikika ngazini wakati nyumba haina mtu, dirisha linalokutwa wazi kila asubuhi, mlinzi wa gereza aliyeacha kazi bila kudai mshahara wake. Alisimulia vizuri, nami sioni haya kukiri kuwa niligeuka nyuma mara mbili. Tulipofika kwenye kisima kilichozibwa, nyuma ya nyumba ya wageni ya zamani, alitueleza habari za mtumishi wa kike anayesemekana kutupwa humo na mwajiri wake. Kijana mmoja akamuuliza jina la binti huyo, na mwaka. Nilidhani jina lingetolewa papo hapo, maana jina la kubuni halina gharama. Mama yule akajibu kwamba kisa hicho alikipokea kwa bibi yake, kwamba alikitafuta katika kitabu cha maziko cha kanisa na katika magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa maktabani asikipate, na kwamba yeye binafsi anaamini kilitungwa ili watoto wasichezee kisimani. Kisha akafungua faili, akasogeza taa, akatusomea alichokikuta katika kitabu kile kile wakati akimtafuta mtumishi: watoto watatu wa nyumba moja waliozikwa ndani ya siku tisa, wote kwa ugonjwa wa dondakoo. Hakuongeza neno, na kwa mara ya kwanza usiku ule hakuna aliyeinua simu kupiga picha.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Tunaziita ziara hizi za mizimu, ilhali mzimu kwa asili una wenyewe, una ukoo na una mahali pake. Kinachouzwa usiku mara nyingi ni mzuka, kitu kinachozuka bila kujulikana kwao, na katika shina hilo hilo la kuzuka ndimo tulimopata kuzusha na uzushi. Ninachoomba kwa watembeza wageni ni kwamba watuambie, katika kila kituo, ni kipi kati ya hivyo wanachotuonyesha.

Kwamba jambo hili si dogo linaonekana katika St. Francisville, mji mdogo wa jimbo la Louisiana nchini Marekani, wenye nyumba ya shamba la kale iitwayo The Myrtles. Wageni husimuliwa habari za Chloe, mtumwa aliyekatwa sikio na bwana wake, kisha akaitilia keki sumu na kumuua mke wa bwana pamoja na watoto. Waliozipekua kumbukumbu za familia hiyo hawakumpata Chloe yeyote miongoni mwa watumwa wake, na katika mauaji mengi yanayotajwa kutokea pale, lililothibitishwa ni moja tu, la William Winter, aliyepigwa risasi mwaka 1871. Mwanahistoria Tiya Miles alikutana na jambo linalofanana na hilo katika jiji la Savannah, ambako alisimuliwa kisa cha mtumwa aitwaye Molly katika nyumba ya Sorrel-Weed, akaenda kumtafuta katika nyaraka, na hakupata ushahidi kwamba aliwahi kuishi. Hapo ndipo mwandishi mwenzangu angepaswa kukazia hasira yake. Utumwa ulikuwapo, na watu walioteseka waliandikwa katika orodha za mali, mara nyingine kwa jina moja na bei pembeni. Kuwaacha hao na kumbuni mwingine aliye mrembo na mwenye kisa cha kusisimua ni kuwafukia mara ya pili, tena kwa kiingilio.

Sisemi kwamba kila kisa lazima kiwe na mhuri. Katika York, nchini Uingereza, ambako ziara za aina hii zimekuwapo tangu 1973, kinasimuliwa kisa cha Harry Martindale, kijana fundi bomba mwanafunzi aliyesema kwamba mwaka 1953, akiwa kazini katika chumba cha chini cha nyumba ya kale iitwayo Treasurer's House, aliona askari wa Kirumi wakipita, miguu yao ikiwa haionekani chini ya magoti mpaka walipofika mahali ambapo barabara ya kale ilikuwa imefukuliwa. Mtu anaweza kukikataa kisa hicho chote, lakini msemaji wake anajulikana, mahali panajulikana na mwaka unajulikana, kwa hiyo msikilizaji ana cha kupima. Mtembeza wageni akisema "fulani alidai", hajadanganya hata kama fulani alikosea.

Na ukweli ukitafutwa kwa bidii hauipunguzii ziara mvuto. Salem, katika jimbo la Massachusetts, wageni wengi bado hufika wakidhani kuwa wachawi walichomwa moto pale, ilhali katika kesi za uchawi za mwaka 1692 watu 19 walinyongwa na mzee Giles Corey alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Kwa muda mrefu watu walioneshwa kilele cha kilima cha Gallows Hill kuwa ndipo walipouawa, mpaka mwaka 2016 watafiti walipothibitisha kwamba ni Proctor's Ledge, mwamba ulio chini zaidi, na mwaka uliofuata pakawekwa kumbukumbu. Mtuhumiwa wa mwisho ambaye jina lake lilikuwa halijasafishwa, Elizabeth Johnson, alisafishwa mwaka 2022 baada ya mwalimu mmoja na wanafunzi wake wa darasa la nane kulifuatilia suala lake hadi kwa wabunge wa jimbo. Sijasikia mzuka wowote wenye kisa cha kunisisimua kama hicho cha watoto wa shule wanaomtetea mtu aliyehukumiwa zaidi ya miaka 300 kabla yao.

Kuhusu vifaa vinavyowaka taa nyekundu na kijani namuunga mkono mlalamikaji bila masharti. Niliwahi pia kwenda katika ziara ya kampuni iliyotoka nje ya mji, ambayo iligawa vipimo vya sumaku-umeme na kututaka tuulize maswali gizani. Vipimo hivyo hutumika kukagua nyaya na mitambo ya umeme. Simu iliyo mfukoni inatosha kuviamsha. Miduara myeupe inayotokea kwenye picha ni mwanga wa kamera uliogonga vumbi lililo karibu na lenzi. Wala hofu haihitaji ulaghai huo. Mwaka 1998 mhandisi Vic Tandy alieleza jinsi feni katika maabara yake ilivyokuwa ikitoa mtikisiko wa karibu herzi 19, yaani mitikisiko 19 kwa sekunde, chini ya kiwango cha kusikika, na jinsi alivyohusisha mtikisiko huo na baridi ya mwili na kivuli cha kijivu alichokiona pembeni mwa jicho. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jumba la Hampton Court na katika vyumba vya chini ya daraja la South Bridge, Edinburgh, wakaona kwamba watu hupatwa na hali hizo zaidi katika sehemu zile zile, na kwamba mambo kama ukubwa wa chumba na kiasi cha mwanga yanahusika. Mtembeza wageni akiyasema hayo akiwa amesimama ndani ya chumba chenyewe, taa ikiwa imepunguzwa, atapata ukimya mkubwa kuliko kifaa chochote.

Yapo pia yasiyofaa kusimuliwa hata yakiwa ya kweli. Port Arthur, gereza la zamani katika kisiwa cha Tasmania, Australia, wageni wamekuwa wakitembezwa usiku kwa taa na kusimuliwa habari za wafungwa walioletwa pale tangu 1830. Lakini mahali hapo hapo na jirani yake, Aprili 1996, mtu mwenye bunduki aliua watu 35, na ndugu zao wako hai. Katika mji mdogo swali hili ni kali zaidi, maana jina linalotajwa makaburini huenda ni la shangazi wa mtu anayeuza tiketi. Hiyo ndiyo sababu ninamwamini mwenyeji kuliko kampuni: akizua, kesho yake atakutana na wajukuu wa marehemu sokoni.

Kwa hiyo vibali visifutwe. Halmashauri zinazovitoa zinaweza kudai kwamba kila ziara iwe na faili kama lile nililoliona, lenye kuonyesha kisa kimetoka katika kitabu, kwa msimulizi au hakijulikani kilikotoka, na kwamba mgeni aruhusiwe kulisoma. Mwandishi mwenzangu naye ninamshauri ajiunge na ziara moja, na katika kituo cha kwanza amuulize mtembezaji kisa amekipata wapi. Akijibiwa kwa kifaa kinachowaka taa, adai fedha zake pale pale.

Ni mimi,
Msomaji wako wa siku nyingi