Beit al-Ajaib ifunguliwe kwa wenyeji pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mazungumzo ambayo yamekuwa yakirudi kila mara tangu tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la hapa Mji Mkongwe, iliporomoka katikati ya matengenezo na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Mengi yanayosemwa yanahusu chokaa, nguzo na mnara wa saa, na hayo nawaachia mafundi na wahandisi. Langu ni swali la nani atakayeingia humo siku milango itakapofunguliwa, na ataingia kufanya nini.

Nauliza kwa sababu jumba hili limepita mikononi mwa wengi. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe za dola yake, Waingereza wakaligeuza ofisi za serikali, baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na chama tawala, na mwanzoni mwa karne hii likawa makumbusho ya historia na utamaduni, ambamo mtu yeyote aliweza kuingia bila ya kuwa na shughuli ya serikali wala ya chama. Katika kipindi hicho niliwapeleka wanangu kuutazama mtepe uliokuwa uani, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja. Mwanangu wa pili aliuliza kama babu yake, aliyekuwa baharia, naye alisafiria chombo cha namna ile. Hakusafiria, kwani mitepe ilikuwa imeshatoweka kabla hajazaliwa. Lakini usiku ule mzee aliulizwa maswali ambayo hajapata kuulizwa na mtu wa nyumba yake, akawa anajibu mpaka chai ikapoa.

Wageni wakiusifu Mji Mkongwe hutaja Shangani, milango ya nakshi na vichochoro. Mwenyeji akisimulia alivyokua hutaja zaidi Darajani, Vuga na Mnazi Mmoja, na ukitazama ramani utaona kwamba sehemu zote hizo ziko pembezoni mwa mji, kandokando ya ile pwani ndogo, mkono wa bahari ulioutenga na Ng'ambo, yaani mitaa ya upande wa pili, kabla ya kufukiwa. Jina la Darajani lenyewe ni kumbukumbu ya daraja lililokuwa likivuka maji hayo. Ni katika ukingo huo ndipo lilipowekwa soko kuu mwaka 1904, jengo la mahkama ya Vuga mwaka 1908 na makumbusho ya Beit al-Amani mwaka 1925. Ni huko huko Vuga ilikojengwa upya sinema ya Majestic katika miaka ya 1950 baada ya ile ya kwanza kuungua, na ndiko yalikowekwa makao ya Culture Musical Club, iliyoanzishwa mwaka 1958. Watoto wa pande zote mbili walivalishwa nguo mpya wakapelekwa Mnazi Mmoja siku za Sikukuu, na wakubwa wao wakapanga foleni moja ya tikiti. Kwa maoni yangu, Uzanzibari wa mjini ulifinyangwa zaidi katika ukingo huo kuliko ndani ya majumba ya kifahari.

Taarab nayo ilivuka maji hayo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeishi Ng'ambo, aliitwa kuimba katika nyumba za matajiri wa mjini kisha akarudi kwake kuwaimbia majirani, na alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani za santuri aliimba kwa Kiswahili kinachoeleweka na wote.

Nayasema haya kwa sababu tangu Mji Mkongwe uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, tumezoea kupima uhifadhi kwa kuta. Nyumba nyingi zimekuwa hoteli. Simlaumu anayeuza, maana nyumba ya mawe yenye boriti za mikoko hudai matengenezo kila mwaka, na nyumba ya urithi yenye warithi ishirini haina wa kutoa fedha. Lakini jumba la umma halina kisingizio hicho. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, inaonyesha kwamba inawezekana: ukenda baada ya magharibi utawakuta wakaazi na wageni wakila mishkaki na urojo meza moja, ingawa bei zimeanza kutupita. Ngome Kongwe nayo hujaa wenyeji wakati wa matamasha, ila hizo ni siku chache tu kwa mwaka.

Najua nitajibiwa kwamba anayeleta fedha ni mtalii, na kwamba matengenezo hayaendeshwi kwa mapenzi. Ni kweli, naye alipe. Mkaazi awekewe siku yake bila ya ada, wanafunzi wa skuli za shamba waletwe kwa zamu, na vikundi vya taarab vipewe barazani jioni moja kwa wiki kufanya mazoezi mbele ya watu. Kubwa zaidi ni maelezo ya vitu. Nimeshaingia katika maonyesho mamoja hapa mjini ambamo Kiswahili kilibanwa kwa herufi ndogo chini ya Kiingereza, tena Kiswahili cha kutafsiriwa, kiasi kwamba jahazi liliitwa "mashua ya kiasili". Baharia yeyote wa Malindi angecheka, kisha angeondoka, kwani kwake jahazi, mashua, dau na ngalawa ni vyombo vinne tofauti, kila kimoja kina umbo lake, tanga lake na kazi yake. Maelezo ya Beit al-Ajaib yaandikwe kwanza kwa Kiswahili na watu wanaovijua vitu hivyo kwa majina yake, ndipo yafasiriwe kwa lugha nyingine.

Na uani pawe tena na chombo cha kushonwa, na pembeni yake baraza ya kukalia, kwa sababu mzee wa miaka themanini hawezi kusimama saa nzima akijibu maswali ya mjukuu.

Wahusika watueleze mapema wamepanga nini juu ya ada, siku za wenyeji na maandishi ya ndani. Mambo haya huamuliwa wakati jengo lingali limezungukwa na majukwaa ya mafundi, na sisi wa mitaani kwa kawaida huyasikia yakiwa yameshapigwa mhuri.

Mkaazi wa Kiponda,
Mji Mkongwe, Unguja