Mwanangu, ule ukijani wa nyuma ya tenki

Mwanangu kipenzi, sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa jikoni, ya pili nimekaa chini kabisa, nikaona bora nikuandikie, maana kwenye simu bando litaisha hatujafika popote.

Unasema mada ya briofaiti, yaani mosi na jamaa zake, imekuchosha, maneno magumu kibao, mwalimu kawaambia mkariri tu mchoro wa mzunguko wa maisha mtafaulu, na wewe mpaka leo huelewi mmea wenyewe ni upi na kale kakijiti kanakosimama juu yake ni kitu gani. Halafu ukamalizia eti ni vimimea visivyo na kazi. Hapo mama umeniuma kidogo, kwa hiyo soma taratibu ukiwa umetulia.

Unapakumbuka nyuma ya nyumba pale tenki linapovuja? Ule ukijani laini wa ukutani, ulipokuwa mdogo ulikuwa unaubandua kwa kijiko unawatandikia wanasesere wako wawe na zulia. Ndo mosi hiyo, "moss" ya kwenye kitabu chako. Leo asubuhi nimebandua kipande cha ukubwa wa kiganja nimekiweka kwenye sahani, kipo hapa mezani naandika huku nakitazama.

Anza na kijani chenyewe. Hiyo unayoiona kama manyoya ni mamia ya vimea vimebanana, kila kimoja na kashina kake na vijani vyembamba, vingi unene wake ni seli moja tu, ndo maana ukikishika juani mwanga unapita. Mizizi hakina. Kina nyuzinyuzi chini zinaitwa raizoidi, kazi yake kubwa ni kukishikilia tu ukutani. Mirija ya kupandisha maji kama ya mahindi au mwembe nayo hakina, kinakunywa kwa mwili mzima, maji yakigusa jani yameshaingia. Ndo sababu mosi nyingi hazivuki urefu wa kidole, ingawa kuna jamaa zake huko Australia na New Guinea, Dawsonia, wanafika nusu mita na zaidi.

Sasa swali lako. Mimi na wewe karibu kila seli ya mwili ina seti mbili za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, ya baba na ya mama. Ile mosi ya kijani ina seti moja tu, na ndiyo mmea wenyewe, gametofaiti, ndiyo inayoishi maisha marefu na kujipikia chakula. Kwenye ncha zake inatengeneza vichupa vidogo vyenye yai moja moja ndani, na vifuko vya mbegu za kiume, na hizo mbegu zina mikia miwili, zinaogelea. Zinaogelea kabisa mwanangu, kwenye utando wa maji ya mvua au umande, na pasipo na maji hazifiki. Wakati mwingine kuna vidudu vidogo mno vinavyoruka kama viroboto vinapita pale na kuzibeba, hilo watafiti wamelithibitisha miaka hii ya 2000, lakini hata hivyo unyevu lazima uwepo.

Mbegu ikishalifikia yai, mtoto anaanza humohumo ndani ya kichupa cha mama yake. Haanguki chini kama mbegu ya papai. Anazamisha mguu ndani ya mwili wa mama, na pale mguu unapogusana na mama ndo chakula na maji vinapopitia, wataalamu wenyewe wanapaita kondo, kama kondo la mama mjamzito. Basi kale kakijiti ulikokuwa unauliza ndo huyo mtoto, sporofaiti, ana seti mbili, na hatatoka pale maisha yake yote, atakua, atakomaa na atakauka akiwa amesimama juu ya mama. Bibi yako angeielewa hii kabla sijamaliza sentensi, sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama.

Na kuna kitu sijawahi kukuonyesha. Mtoto akirefuka anakipasua kile kichupa, kipande cha juu kinachanika anapanda nacho kichwani, kinakuwa kofia. Ile kofia ni mwili wa mama, ina seti moja kama mama, na imepakwa kitu kama nta inayomkinga mtoto asikauke akiwa bado mchanga. Kwenye Funaria, mosi inayopenda sana kuota sehemu zilizochomwa moto, watu wamejaribu kuivua mapema, mtoto anakua vibaya, kibuyu chake cha spora, zile chembe kama vumbi zinazoota mosi mpya, hakitengenezeki vizuri. Nimeivua moja sasa hivi kwa ncha ya pini kwenye kijiti kilichokomaa, imetoka nzima, kama kofia ya karatasi, ndogo kuliko punje ya ulezi.

Chini ya kofia kuna kibuyu chenye kifuniko. Kifuniko kikidondoka unakuta meno yamepangwa duara, Funaria ina 16 nje na 16 ndani, na yanacheza kwa kufuata unyevu wa hewa, yanajikunja na kujikunjua, spora zinatoka kidogokidogo. Spora zina seti moja tena. Ikitua penye unyevu inatoa uzi wa kijani, uzi unachipua, mosi mpya hiyo. Mzunguko mzima ndo huo, mchoro utauchora mwenyewe bila kukariri.

Livawoti, ndugu yake mosi, nitaipita haraka. Ipo kwenye kile chungu cha ule mmea wa feni (fern) mlangoni, imelala bapa kama ulimi, jina lake la Kizungu limetokana na ini kwa sababu watu wa zamani waliona inafanana nalo. Ukiitazama vizuri ina vikombe vidogo vyenye vidonge vya kijani, tone la mvua likidondokea humo vinaruka, na kila kidonge kinaweza kuwa mmea mzima bila baba wala mama kukutana.

Ila la kwamba hazina kazi naomba ulifute kabisa. Wiki iliyopita kuta zilikauka, mosi ikawa kahawia, unaivunja kwa vidole kama majani ya chai. Niliweka kipande hapa mezani nikakimwagia kijiko cha maji, sijamaliza hata kuchambua mchele vijani vimeshafunguka na rangi imerudi. Haikuwa imekufa, ilikuwa inasubiri. Kuna mosi ya Antaktika iliyokaa kwenye barafu zaidi ya miaka 1,500, mwaka 2014 watafiti wakatangaza kwamba imechipua tena.

Sasa inua macho, fikiria Bondwa, ule mlima wa Uluguru wenye minara unaouona ukiwa sokoni. Kule juu kwenye ukungu miti ni mifupi na imefunikwa mosi na livawoti mpaka huoni gome. Nilipanda na wanafunzi wangu, nikashika tawi nene kama mkono, nikaliminya, maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko, na mvua ilikuwa haijanyesha siku hiyo. Mhungari mmoja, Tamás Pócs, aliyefundisha hapahapa Morogoro, alipima mimea inayoota juu ya miti ya Uluguru na mwaka 1980 akachapisha kwamba kwenye msitu ule wa juu inafika kama tani 14 kwa hekta ikiwa imekaushwa, na mvua moja tu ikinyesha mimea hiyo inaweza kudaka mpaka lita 50,000 za maji kwa hekta. Hayo ni matenki matano ya lita 10,000 yamening'inia kwenye matawi, yanaachia polepole. Huko ndiko Ruvu inakoanzia, na Ruvu ndo wanaoga Dar. Miti ile ikikatwa mosi inakosa pa kushika, maji yanashuka yote siku moja na udongo, halafu kiangazi mito inakonda.

Fundi anakuja Jumamosi kuziba tenki, lazima, bili imepanda. Ndo maana nimekibandua hiki kipande mapema. Nakihamishia kwenye chungu kivulini, nakinyunyizia asubuhi na jioni, na vijiti vitatu nimeviacha na kofia zake, utavivua mwenyewe ukija likizo. Pini ipo kwenye kopo la uzi.

Mama yako